Siku Mbili kwa Barua

Siku chache baada ya kustaafu na kukabidhi funguo za kabati la shule, mwalimu mmoja kijana wa darasa la pili alinifuata nyumbani. Alikunywa chai nusu kikombe, akatazama mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu: je, mwalimu anaweza kuomba apunguziwe siku za kazi bila kupoteza nafasi yake? Nilimjibu kwamba kuomba anaweza. Alipotaka kujua habari ya kupewa, nikamwambia nitaandika, maana jibu lake ni refu na chai ilikuwa inapoa. Ninayaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaobaki kazini. Vyeo sitavitaja, vilikuja vimechelewa na havikubadili kitu ubaoni. Mishahara nayo sitaizungumzia, kwa kuwa katika miaka ninayotaka kuisimulia haikuwapo ya kuzungumzia.

Nilianza kufundisha Likasi, mji wetu wa migodi, nikiwa msichana, wakati king'ora cha kampuni kilikuwa bado kinalia alfajiri na mji mzima unanawa uso kwa pamoja. Siku ya kwanza nilifika shuleni mapema sana, nimeazima viatu vinavyobana. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Maître Kisimba, mwalimu wa darasa la jirani, alikuwa amekwisha fika. Alikuwa mwanamume mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na ubao wake ulikuwa tayari umejaa: tarehe, maneno ya kusoma, hesabu tatu. Alinitazama nikihangaika kutafuta chaki, akaniambia, "Madame, kazi ya mwalimu inaanzaka mbele batoto baingie. Kama bameingia na ubao haina kintu, beye njo batakufundisha."

Mengi niliyoyajua nilitoka nayo kwake. Alinionyesha kuzungushia karatasi kipande cha chaki ili vidole visikauke, kufuta ubao kutoka juu kwenda chini, kusimama pembeni ninapoandika ili mgongo wangu usiwe ndio somo. Alinifundisha pia kazi ya karatasi. Kwa Maître Kisimba, jambo ambalo halikuandikwa lilikuwa halijatokea. Barua ilikuwa na mahali na tarehe juu kulia, jina kushoto, halafu jambo lenyewe katika mstari mmoja, halafu heshima, halafu ombi, halafu heshima tena. Na chini kabisa, kila mara, kopi kwa mkubwa wa yule unayemwandikia, ili apate habari. Barua isiyo na kopi aliiita mazungumzo ya dirishani. Nililimeza hilo bila kutafuna, jinsi watoto wanavyomeza jedwali la saba.

Katika mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na msichana mdogo aliyelala kila asubuhi, kichwa juu ya dawati, mpaka mapumziko. Nilimwadhibu, nikamsimamisha, nikamwosha uso kwa maji. Maître Kisimba akaniuliza kama nimekwisha kwenda kwao. Nilikwenda. Mama yake alikuwa akipokea samaki wanaotoka ziwa la Tshangalele kwa gari la kwanza, na mtoto alikuwa akibeba taa na beseni kabla jogoo hajawika. Nikarudi nimekunja uso, bila kujua la kufanya. Maître akachukua ratiba yangu ukutani, na penseli mkononi, akahamisha kusoma baada ya mapumziko na kuweka kuimba na kazi za mikono asubuhi. "Ratiba ni chombo," akasema. "Mungu hakuiandika." Yule msichana alijua kusoma kabla ya Pasaka. Nilifurahi kana kwamba nimemfundisha mimi peke yangu.

Maître Kisimba alifariki kabla mambo hayajaharibika, na nadhani alichagua vizuri. Baadaye king'ora kilianza kulia siku moja na kunyamaza mbili, mwisho kikanyamaza moja kwa moja, na watu wakaendelea kuamka saa ileile bila kujua wanaamkia nini. Mume wangu, Kalenga, aliyekuwa fundi wa umeme katika kiwanda, alikuwa akienda kazini, anakaa, anarudi. Shuleni chaki zilikwisha. Tukaandika kwa pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa akina mama wajawazito wanaopenda kuutafuna. Unaandika vizuri kuliko mnavyofikiri, mradi ubao uwe mkavu. Ila mwalimu wa darasa la nne alikuwa na mimba mwaka ule, na ilitubidi tumfungie kabati.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wenzetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa. Mimi sijui kulisimulia jambo lile kwa maneno mazuri, na sitaki kujua. Madame Mbuyi, aliyekuwa na darasa la sita la pili, alizaliwa Likasi na alizalia Likasi. Aliniletea daftari la mahudhurio, limejazwa mpaka tarehe ya siku ileile, kisha akaenda kungoja treni stesheni pamoja na watoto wake na maelfu ya wengine. Nikamwuliza ni wanafunzi gani walikuwa nyuma katika kugawanya. Akanitajia majina sita, kwa upole, tukaagana. Nina aibu ya swali lile mpaka leo. Wanafunzi wake waliobaki waliunganishwa na wa kwangu, nikawa na watoto themanini na mmoja katika chumba cha watu arobaini, wote wa darasa la sita, wote wanangojewa na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Nyinyi vijana mnafikiri wakati ule walimu tuliacha kazi. La, hatukuacha. Tulijipanga, kama kila mtu alivyojipanga. Na kujipanga kwa walimu wa shule yetu kulikuwa na desturi yake: koti. Mwalimu alifika asubuhi, akaandika tarehe ubaoni, akatundika koti lake mgongoni mwa kiti, akamwambia kiongozi wa darasa aandike majina ya wanaopiga kelele, kisha akaenda zake shambani, au sokoni, au kuchimba mawe ya kijani yenye shaba na wenzake. Koti lilibaki kazini. Aliyepita dirishani aliona koti na kusema mwalimu yupo, ametoka kidogo tu. Wanawake waliacha shali. Kulikuwa na bwana mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kufundisha. Direkta wetu, mkuu wa shule, bwana Mwansa, aliyajua makoti yote kwa rangi, na hakuwahi kuuliza.

Mimi sikuacha shali, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa na Kalenga nyumbani, aliyelima bustani nyuma ya nyumba na kuwapikia watoto bila kununa sana. Niliweza kukaa darasani kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekaa jikoni.

Halafu mama yangu akaanguka. Aliishi Kapolowe, safari ya lori kutoka Likasi, na mdogo wangu Leya, wakilima mahindi na mihogo. Aliamka asubuhi moja, mkono na mguu wa kulia havimsikii, na mdomo umepinda. Masista wa zahanati walimpima, wakasema asisafirishwe kwa lori katika barabara ile, na wakasema ageuzwe kitandani kila baada ya muda, mchana na usiku, la sivyo mgongo utaoza angali hai. Mama hakuwa mtu mdogo. Leya alikuwa mtu mdogo. Nilipofika wiki ya tatu, nilikuta kidonda kimoja kimeanza juu ya nyonga, na Leya ameketi mlangoni, jembe miguuni, halimi na hapumziki.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "minye niko moja. Nikienda ku shamba, mama analala upande moja paka nirudie. Nikibakia naye, tutakula nini?"

"Unataka nifanye namna gani?"

"Siku mbili. Kila juma unipe siku mbili na siku ya Mungu. Siku tatu naweza kulima, nalala, narudilia kuwa muntu. Kama hauwezi, useme leo, juu minye nitachoka na mama atakufa mu mikono yangu, na kiisha tutachukiana."

Hakulia aliposema hayo. Nilirudi Likasi juu ya magunia ya makaa nikifanya hesabu. Shule yetu ilisoma siku sita. Siku mbili nilizozihitaji ni Ijumaa, ambayo nyumbani tunaiita siku ya tano, na Jumamosi, siku ya posho, kwa sababu zamani kampuni iligawa posho siku hiyo. Posho ilikoma, jina likabaki. Nikiacha kwenda Kapolowe, mama anaoza. Nikienda bila kusema kitu, watoto themanini na mmoja wanamtazama shali akifundisha siku mbili kila wiki, na mtihani unakuja. Na nikiacha kazi kabisa, jina langu linatoka kwenye orodha ya walimu, na aliyetoka kwenye orodha miaka ile hakurudi.

Nikaandika barua. Kalenga aliisoma juu ya bega langu, akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Mama Ilunga, bantu bote banaacha koti. Juu ya nini weye unaandika?" Nikamwambia kwa sababu wazazi wana haki ya kujua siku ambazo watoto wao wana mwalimu. Akasema kwamba nina akili nyingi za shuleni. Niliandika yote jinsi nilivyofundishwa: mahali, tarehe, jambo, heshima, ombi, heshima. Nilipendekeza nifundishe Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia mapambazuko mpaka wanafunzi wa zamu ya mchana waingie, ili saa za juma zisipotee nyingi. Na chini, kopi kwa inspekta wa shule, mkubwa wa direkta. Asubuhi nikampa direkta barua yake, na mwalimu aliyekuwa anapita upande wa ofisi ya inspekta nikampa kopi yake. Sikuona kosa lolote. Ningemwuliza mtu yeyote aliye chini ya miaka hamsini, angenionyesha kosa pale pale.

Direkta Mwansa aliisoma amesimama. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa watoto, mwenye kuogopa vitu viwili tu duniani: mvua ya mawe juu ya mabati ya shule, na muhuri wa wakubwa wake.

"Madame Ngosa, hii njo nini?"

"Ni demande, Direkta. Minaomba siku ya tano na siku ya posho, juu mama yangu..."

"Nimesoma. Mama eko mugonjwa, pole sana." Akaketi. "Sasa weye hauna shali?"

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Shali, Madame. Unaacha ku kiti, unaenda kwa mama yako. Minye napita ku dirisha, naona shali, naendelea na njia yangu. Nani atakuuliza? Lakini sasa umeandika. Kintu bameandika, minye siwezi kusema sikuone."

"Na batoto, Direkta? Banafundishwa na shali?"

Aliisukuma barua upande wangu wa meza kwa kidole kimoja. "Rudi nayo. Tutasema haikufika."

Hapo ikanibidi nimwambie kwamba kopi imekwisha kwenda kwa inspekta. Nje watoto walikuwa wakiimba jedwali la nane, wakakosea, wakaanza tena.

"Nani alikufundisha kufanya vile?"

"Maître Kisimba."

"Kisimba!" Akafumba macho. "Hata kule bamemulalisha, angali ananisumbua."

Kisha akanieleza kwa utulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha. Sheria, alisema, inajua walimu wa aina mbili tu: aliye kazini na aliyetoroka kazi. Mwalimu wa siku nne haimo. Inspekta akishaisoma barua ile atalazimika kuniweka katika moja ya mafungu mawili, na nimekwisha kukiri kwa mkono wangu mwenyewe kwamba simo katika fungu la kwanza. Niliporudi darasani pemba ilikatika mara tatu katika mstari mmoja.

Inspekta alikuja baada ya majuma mawili, kwa miguu, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Aliketi nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yake yakigusa kidevu, akasikiliza somo zima la hesabu za sehemu. Mwishoni alituita mimi na direkta ofisini na kutoa ile kopi mfukoni, imekunjwa nne.

"Madame, ofisi yangu inafungukaka siku gani?"

"Siku ya pili na siku ya ine."

"Nani alinipa ruhusa?"

Nikamtazama direkta.

"Hapana muntu," akajijibu. "Muke yangu iko na shamba, minye njo nalima naye. Mu Likasi yote, unionyeshe muntu anatumika kazi juma muzima." Akaipiga barua kwa kidole. "Sasa nikiweka sahihi hapa, nitakuwa muntu wa kwanza kuandika serikali haitumike kazi siku zote. Ile roho sina nayo, Madame. Minye ni muzee."

"Basi unakatala, Inspekta?"

"Sikatale. Sikubali. Musikie, weye na Direkta. Mbele ya mitihani nitakuya, siku ya ine. Nitauliza batoto kila kintu ya programu. Bakijua, hii barua haikunifikia. Kama habajui, nitaandika umetoroka kazi, na jina yako itatoka."

Direkta Mwansa alipumua kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Mimi wangu ndiyo kwanza nilikuwa nimetwikwa.

Jumapili baada ya misa niliwaita wazazi uani mwa shule. Kijana wangu, mwalimu wa darasa la pili, hapa usome polepole, maana hiki ndicho ambacho hakuna aliyenifundisha. Niliwaambia ukweli wote: Jumatatu hadi Alhamisi nitakuwapo, kuanzia kwenye umande, Ijumaa na Jumamosi nitakuwa Kapolowe kwa mama yangu, wasilete mtoto. Nilijiandaa kutukanwa. Akasimama baba mmoja aliyekuwa amemtoa binti yake shuleni ili amsaidie kuosha mawe.

"Madame, siku ya ine utakuwako kweli?"

"Nitakuwako."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

"Basi wangu nitamurudisha. Zamani, ku darasa ya tano, minatuma mutoto siku sita, anakuta mwalimu siku mbili, na sijue ni gani. Siku ine yenye kujulikana, minye nakamata."

Kicheko kilipita uani, kisha wakaanza kupanga wenyewe. Ijumaa watoto wangeenda mashambani, Jumamosi sokoni, na siku zile nne hakuna atakayewatuma popote. Jumatatu iliyofuata nilihesabu watoto sabini na wanane. Kabla ya hapo, katika siku sita, sikuwa nimepata sabini hata mara moja. Mpaka leo naamini watoto wengi hawakuwa wavivu. Tangu madarasa ya chini walikuwa wamechoka kutembea kuja kusalimia koti.

Tulifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya. Nilipanga hesabu asubuhi wakiwa hawana njaa kali, Kifaransa baadaye, na jiografia mwisho, kwani mtu anaweza kusikiliza habari za mito akiwa na njaa. Daftari langu la maandalizi lilikuwa na kurasa nne kwa juma badala ya sita, na kila ukurasa ulikuwa mnene. Baadhi ya wenzangu walinikasirikia, na walikuwa na haki yao: wazazi walianza kuwauliza na wao siku zao ni zipi. Yule bwana wa makoti mawili hakunisalimia mpaka likizo kubwa.

Kila Alhamisi mchana nilipanda lori la kwanza nililolipata, juu ya chochote lililobeba. Mama alikuwa amerudiwa na maneno machache, na aliyatumia vibaya. Kila nilipoingia aliniuliza jambo lilelile.

"Bamekufukuza?"

"Hapana, Mama."

"Bado," alisema, na kufumba jicho moja lililomtii.

Nilimgeuza, nikamwosha, nikampaka mafuta ya mawese penye ngozi nyembamba. Leya alienda shambani akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu utotoni. Kidonda cha nyonga kilifunga baada ya miezi miwili. Nilikipima kwa macho kila Ijumaa, na siku niliyokuta ngozi imekutana nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala kwa furaha. Sijawahi kulia hivyo kwa ajili ya mtihani wowote.

Mvua zikapita, ukaja ubaridi wa asubuhi, na inspekta akatuma habari kwamba atakuja Alhamisi ya juma lile. Watoto walikuwa tayari. Nami nilikuwa tayari. Jumatano asubuhi, nikiwa nafanya marudio ya mwisho, dereva wa lori la makaa alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa dereva mwenye mdomo mchafu, hajawahi kuvua kofia mbele ya mtu. Sikumwacha amalize. Mama alikuwa amefariki alfajiri, usingizini, amelalia upande wa kushoto, upande uliokuwa zamu ya kulaliwa.

Nilikwenda ofisini. Nilimwambia Direkta Mwansa kwamba mama amekufa na kwamba kesho ni Alhamisi, na sikujua ni lipi kati ya hayo nilimwambia kwanza. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, yenye nafasi zilizoachwa wazi za jina na tarehe. Katika nchi ambayo haikuwa na chaki, fomu ile ilikuwapo, na chini yake zilikuwapo nyingine nyingi. Aliijaza kwa mwandiko mzuri, akapulizia muhuri pumzi, akaugonga. Ilichukua muda mfupi kuliko kuita mahudhurio.

"Siku ine, Madame. Kwa kifo ya muzazi. Ni haki yako, sheria iko wazi." Akasimama na kuvua koti lake, akalitundika kwenye kiti chake. "Kesho minye njo nitafundisha batoto bako. Inspekta aone kama ningali najua."

Na alifundisha. Nilisimuliwa baadaye jinsi inspekta alivyomkuta na vumbi la pemba mpaka kwenye nyusi, na jinsi watoto walivyojibu kila swali, hata yale aliyokosea direkta. Jina langu halikutoka. Hayo niliyajua nikiwa nimerudi; siku ile niliikunja tu ile karatasi nikapanda lori.

Leya alikuwa mbele ya nyumba, ametandika mikeka kwa ajili ya wamama waliokuja kilioni. Tulishikana. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu, maana ndilo alilozoea kuniuliza kila nilipofika:

"Bamekupa siku ngapi?"

"Ine."

Akarudi nyuma kidogo kunitazama. "Ine? Nani alikupa?"

"Direkta. Na muhuri." Nikamwonyesha.

Leya hajui Kifaransa, lakini aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akautazama muhuri, wa buluu, umechafuka kidogo pembeni kwa kukunjwa.

"Yaya," akasema, "kama tulijua, tungebaambia mama alikufa tangu mwaka ilipita."

Kicheko kilitutoka sote wawili, kikubwa, cha aibu, mpaka wamama wote wakageuka kututazama, na hatukuweza kukizuia. Kisha tukaingia ndani kumwosha Mama.